“Daktari, si watoto wa sikoseli hawashikwi na malaria?”

Nimeulizwa tena wiki hii. Mama wa Kisauni, Mombasa, mtoto wa miaka 4 mwenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, viganja vyeupe pe, homa juu. Paludrine, dawa ya kumkinga na malaria, aliisimamisha zamani. Jirani alimwambia ugonjwa wenyewe ndio kinga.

La, hasha! Kinga ni ya mbebaji, yule AS, mwenye jeni moja tu ya sikoseli, yaani wewe mama na baba yake. Nyinyi malaria kali huwapata kwa nadra. Mwanenu ni SS, karithi jeni hiyo kwenu nyote wawili, na hapo hesabu inageuka. Chembe nyekundu za damu zenu huishi siku 120 hivi. Zake ni siku 10 hadi 20. Mwili wake unashinda ukijaza ndoo inayovuja. Malaria ikija kupasua zile chache zilizobaki, hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, iliyokuwa 7 yaweza kushuka ikawa ya kuua. Bandama nayo, ya kumsaidia kupambana na vijidudu, kwa wengi huwa imeshakufa wakiwa wadogo. Ndiyo maana nawasumbua pia na penisilini na chanjo ya numokoko, kijidudu cha nimonia. Basi: Paludrine kila siku, neti kila usiku. Najua chumba cha nyumba ya Kiswahili mwezi wa Februari ni tanuri. Neti ishuke vivyo hivyo.

“Baridi ndiyo adui, joto la Mombasa linawafaa.” Nusu kweli. Mtoto aliyelowa mvua ya masika huumia mifupa, sikatai. Lakini jasho la kaskazi humkausha upesi, kwa sababu figo zake hazishiki maji. Hizo hizo ndizo zinazomkojoza kitandani, kwa hivyo msimchape. Chupa ya maji iende naye shule na chuoni, na ustadhi aombwe amruhusu kutoka. Madafu sawa. Soda siihesabu.

“Ndugu wawili, mmoja halazwi, mwengine kila mwezi wodini: pana mkono wa mtu.” Hapana mkono. Yule asiyelazwa huenda amebakiwa na hemoglobini nyingi ya uchanga, ile aliyozaliwa nayo, au karithi pia alfa-thalasemia, hali nyengine ya damu iliyojaa huku Pwani. Hiyo ya uchanga huongezwa kwa dawa ya haidroksiyurea, ulizeni kliniki.

Na chupa za madini ya chuma “za kuongeza damu”? Si bila kipimo. Vidonge vya foliki, ndiyo.

Mtoto wa Kisauni ameongezwa damu, jana kaitisha chapati. Jirani nimeomba aletwe.