Dola za visiwani si za bure

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa kwenye kichanja. "Watu wa visiwani huko Pasifiki wanagawiwa dola bure, eti bahari imepanda," akasema.

Bure? Sehemu kubwa ya fedha za umma za kukabili mabadiliko ya tabianchi zinazokwenda nchi zinazoendelea ni mikopo, nayo hulipwa. Ruzuku zipo: mwaka 2016 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinishia Tuvalu, nchi ya visiwa huko Pasifiki, dola milioni 36. Hakuna aliyehesabiwa noti mkononi. Kule Funafuti, mji mkuu wake, mchanga ulinyonywa baharini ukamwagwa ufukweni, nchi kavu ikaongezeka. Na nchi zote za visiwa vidogo kwa pamoja zinatoa chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa duniani.

Mama akanyamaza, akaitazama Tanganyika. Ilipopanda mwaka 2021, naye alihamisha vichanja.