Kinachomfanya kwotabeki awe bora: mtazame miguu kwanza

Kila inapokaribia drafti ya NFL, yaani siku ambazo timu za ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani huchagua wachezaji wapya, mtandaoni huzagaa video za makwotabeki vijana, wale wanaoongoza mashambulizi ya timu, wakirusha mpira yadi 60 na zaidi, wamevaa kaptula, hakuna mlinzi hata mmoja anayewakimbilia. Kwa anayeanza kuifuatilia futiboli ya Kimarekani, naomba video hizo zisimpumbaze. JaMarcus Russell alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2007, na nguvu za mkono wake hakuna aliyezitilia shaka. Alidumu misimu 3, akarusha pasi 18 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la goli la wapinzani), na pasi 23 zikanaswa na wapinzani. Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, baada ya kukimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, kasi ambayo wakingaji kadhaa wenye miili mikubwa wanaipita. Akatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa NFL, mara 7.

Mkono una kazi yake, na nitaufikia. Lakini kinachomtenga kwotabeki bora na wenzake ni uwezo wa kuamua sawasawa, kwa wakati, mfululizo, huku watu wenye kilo 120 wakimkimbilia. Na uamuzi huo unaonekana kwa macho ukijua pa kutazama.

Kwa wageni wa mchezo, kwa ufupi: kila upande una wachezaji 11, na timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kuusogeza yadi 10. Senta anamrudishia kwotabeki mpira, naye anamkabidhi mkimbiaji, anaurusha kwa mpokeaji, au anakimbia nao mwenyewe. Mbele yake wapo wakingaji watano ambao kazi yao ni kumnunulia muda. Muda wenyewe ni mdogo: pasi ya kawaida hutoka mkononi kati ya sekunde 2.5 na 2.8 tangu mpira kuanzishwa.

Kazi inaanza kabla ya hapo. Jaribio likiisha, saa ya sekunde 40 inaanza kuhesabu. Tangu 1994 kocha wa NFL anaweza kuzungumza na kwotabeki kupitia redio iliyo ndani ya helmeti, lakini redio hiyo hukatwa saa inapofika sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Ameshawatajia wenzake mpango, wamejipanga, sasa anawasoma walinzi.

Swali la kwanza ni dogo: nyuma kabisa kuna walinzi wangapi? Akiwa mmoja katikati, kuna uwezekano mkubwa kuwa wanacheza mtu kwa mtu, au wamegawana eneo la nyuma mara tatu. Katika mgawanyo huo wa watatu, mianya iko kwenye njia mbili zilizonyooka baina ya mlinzi wa kati na wale wa pembeni, na pia chini, karibu na mistari ya kando. Wakiwa wawili, katikati panabaki wazi zaidi. Kama wawili hao wamegawana uwanja nusu kwa nusu, kuna shimo jingine pembeni, nyuma ya mlinzi wa kando na mbele ya yule wa nyuma, yapata yadi 15 hadi 20 kutoka mstari wa kuanzia.

Akiwa bado na shaka, anamhamisha mpokeaji mmoja kutoka upande huu kwenda ule kabla ya mpira kuanzishwa. Mlinzi akimfuata mguu kwa mguu, huenda ni mtu kwa mtu. Walinzi wakisogea kidogo tu na kupeana ishara, huenda ni ulinzi wa eneo. Nasema huenda kwa sababu walinzi wa kiwango hicho ni mabingwa wa kuficha. Watasimama wawili nyuma, halafu mpira ukianzishwa mmoja anashuka mbio, picha yote inageuka. Kwa hiyo kwotabeki mzuri huhakiki tena ndani ya hatua zake mbili za kwanza za kurudi nyuma. Asiyehakiki hurusha pasi kwenye picha iliyokwisha kufutika, na pasi nyingi zinazonaswa katikati ya uwanja hutokana na kosa hilo.

Swali la pili ni hesabu. Wakingaji ni watano, na akimbakiza mkimbiaji wanakuwa sita. Wapinzani wakileta watu saba, mmoja atafika bila kuguswa, na huyo ni wa kwotabeki mwenyewe. Lazima amjue kabla. Ndiyo maana unamwona akimnyooshea kidole mlinzi wa kati na kumtaja: anawapa wakingaji mahali pa kuanzia kuhesabu, ili kila mmoja ajue mtu wake. Kama mvamizi wa ziada hana wa kumzuia, mpira unapaswa kutoka mapema kuliko kawaida, mara nyingi kwenda mahali palepale ambapo mvamizi huyo ametoka, kwa sababu pamebaki patupu. Peyton Manning aliifanya kazi hii hadharani kuliko yeyote niliyemtazama, akibadilisha mpango akiwa pale pale mstarini. Msimu wa 2013, akiwa Denver na miaka 37, alirusha pasi 55 za tachidauni. Ni yeye huyohuyo aliyenaswa pasi 28 katika msimu wake wa kwanza, 1998. Mkono wa 1998 ulikuwa na nguvu kuliko ule wa 2013, uliokwisha kupitia upasuaji kadhaa wa shingo. Kilichoongezeka ni alichokijua.

Sasa miguu. Hapa ndipo ninapowasihi watu watulize macho yao.

Hatua za kurudi nyuma zinapima muda. Akianza na mikono chini ya senta, hatua 3 ni za pasi fupi, kwa mfano mpokeaji anayekata kwa mshazari kuelekea ndani baada ya hatua zake tatu. Hatua 5 zinamfikisha yapata yadi 7 nyuma ya mstari, kwa njia zinazokata kwenye yadi 10 hadi 15. Hatua 7 ni za pasi ndefu. Akisimama mbali, yadi 5 nyuma ya senta kama ilivyo desturi siku hizi, anapunguza hatua mbili katika kila moja ya hizo. Mpangilio mzima umefungwa hapo: mguu wa nyuma unapogota chini katika hatua ya mwisho, mpokeaji wa kwanza anakuwa ndiyo kwanza anakata. Kama yuko wazi, mpira unatoka. Kama hayuko wazi, kwotabeki anafanya kahatua kafupi mbele, macho yanahamia kwa wa pili. Kahatua kengine, wa tatu. Baada ya hapo anampa mkimbiaji aliye karibu, apate yadi 4, maisha yaendelee.

Angalia kwamba macho na miguu vinahama pamoja. Ukimwona kwotabeki ambaye miguu imesimama wima huku kichwa kikizunguka, jua amepotea. Mpokeaji wa tatu atakuwa wazi na yeye ataona, ila miguu haitakuwa imeelekea huko, na atalazimika ama kurusha kwa mkono mtupu ama kujipanga upya. Kujipanga upya kunakula karibu nusu sekunde, na ndani ya muda huo mlinzi anayekimbia yadi 8 kwa sekunde amepita yadi 4. Mwanya umekwisha.

Kosa jingine la miguu ni kurudi nyuma kupita kiasi. Wavamizi wa pembeni huzunguka kwa nje, na mkingaji wa pembeni hujaribu kuwasukuma wapite nyuma ya kwotabeki. Kwotabeki akibaki kwenye yadi 7 au 8, kisha akasogea mbele pale mvamizi anapopinda, mvamizi anapita patupu. Akirudi hadi yadi 10 au 11, amejipeleka mwenyewe kwenye njia ya mvamizi, na mkingaji aliyefanya kazi yake vizuri ndiye atakayelaumiwa na watangazaji. Kuangushwa na mpira mkononi kunagharimu yadi 6 au 7 na jaribio zima. Sehemu kubwa ya hasara hiyo naihesabu kwa kwotabeki kabla sijamgusa mkingaji. Brady hakuwa na mbio, lakini hatua zake mbili za kusogea mbele ndani ya poketi, yaani eneo wanalolikinga wakingaji wake, mikono miwili kwenye mpira, macho yakiwa bado mbali, zilimwokoa miaka 23.

Na macho yabaki mbali kweli. Kijana akishapigwa mara tatu nne huanza kuwatazama wavamizi badala ya wapokeaji. Tabia hiyo ikishaingia ni ngumu sana kuitoa, na kwangu ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Nirudi kwenye mkono. Mpira una gramu 397 hadi 425, na hurushwa ukizunguka kwenye mhimili wake ili upasue hewa bila kuyumba. Vidole viwili au vitatu hukaa kwenye kamba za mpira, na kidole cha shahada ndicho cha mwisho kuuachia. Nguvu yenyewe inatoka chini: uzito mguu wa nyuma, hatua fupi kuelekea shabaha, nyonga zinazunguka kwanza, bega linafuata, kiwiko, kisha kifundo cha mkono. Hatua ya mbele ikiwa ndefu mno, nyonga zinakwama, mkono unachelewa na mpira unapaa juu ya kichwa cha mpokeaji. Ukiona pasi zinapaa mfululizo, tazama urefu wa hatua kabla hujasema ana wasiwasi.

Umbali wa pasi pia hudanganya. Tuchukue pasi ya yadi 12 kwa mpokeaji anayekata kuelekea mstari wa kando wa mbali. Kwotabeki yuko yadi 7 nyuma, kwa hiyo mbele ni yadi 19. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, na kutoka alama ya ndani ya upande mmoja (moja ya safu mbili za alama ambazo mpira huanzishwa juu yake au kati yake) hadi mstari wa kando wa upande wa pili ni karibu yadi 30. Mpokeaji akidaka yadi 3 kabla ya mstari, mpira umekwenda yadi 27 kwa upana. Ukipiga hesabu ya mshazari, pasi hiyo ya yadi 12 imeruka kama yadi 33 hewani. Ikirushwa kwa kilomita 88 kwa saa, inafika kwa sekunde 1.2 hivi, kwa kilomita 72, sekunde 1.5. Tofauti hiyo ndogo inampa mlinzi yadi 2 na zaidi, na akiunasa mpira pale, mbele yake hamna mtu hadi golini. Hapo ndipo mkono wenye nguvu unapolipa.

Mwenye mkono wa wastani analipa deni hilo kwa kurusha mapema, kabla mpokeaji hajageuka, akiamini atafika. Drew Brees, mwenye mita 1.83 nyuma ya wakingaji waliomzidi kimo kwa kichwa, alijenga maisha yake yote juu ya jambo hilo: misimu 5 ya yadi 5,000 au zaidi, na mwaka 2018 asilimia 74.4 ya pasi zake zilifika.

Kuna ufundi wa macho ambao televisheni huuficha kwa sababu kamera haionyeshi walinzi wa nyuma. Katika ulinzi wa eneo, walinzi humtazama kwotabeki na kufuata macho yake. Kwa hiyo anaangalia kushoto kwa hatua tatu, mlinzi wa nyuma anaegemea kushoto, kisha anageuka na kurusha kulia. Dhidi ya mtu kwa mtu hila hiyo haina faida kubwa, maana wengi wao wamempa mgongo. Hapo mlengwa ni yule mmoja aliyebaki nyuma peke yake. Anayemkodolea macho mpokeaji mmoja tangu mpira kuanzishwa anawaongoza walinzi wote hadi mahali mpira utakapoangukia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Super Bowl ya Januari 1989, mjini Miami. San Francisco walikuwa nyuma 16 kwa 13 dhidi ya Cincinnati, mpira uko yadi 8 kutoka golini kwao, zimebaki dakika 3 na ushei. Joe Montana aliwapeleka yadi 92, karibu zote kwa pasi za kawaida kabisa. Jerry Rice alikuwa amewatesa Cincinnati jioni nzima, yadi 215, na macho yao yalikuwa kwake. Zikiwa zimebaki sekunde 34, Montana akarusha katikati kwa John Taylor, ambaye hakuwa amedaka mpira hata mmoja katika mchezo ule. Tachidauni, 20 kwa 16. Alirusha kule ulinzi ulikomruhusu.

Mwisho, takwimu. Alama maarufu ya kwotabeki hujengwa kwa mambo manne kwa kila pasi iliyorushwa: zilizofika, yadi, tachidauni na zilizonaswa. Kila sehemu hukomea 2.375, jumla hugawanywa kwa 6 na kuzidishwa kwa 100, kwa hiyo kilele ni 158.3. Aaron Rodgers mwaka 2011 alirusha pasi 502, zikafika 343, yadi 4,643, tachidauni 45, zikanaswa 6. Alama yake ni 122.5. Ni kipimo kizuri, ila hakihesabu mara alizoangushwa na mpira mkononi, wala mpira uliomponyoka, wala yadi alizokimbia. Pia hakijui kama yadi 40 zilitokana na pasi ya yadi 38 au ya yadi 2 ambayo mpokeaji aliikimbia peke yake. Ukilinganisha makwotabeki wawili, weka kando ya alama hiyo idadi ya kuangushwa, kisha chagua majaribio ya tatu yenye yadi 7 au zaidi za kutafuta. Hapo walinzi wanajua pasi inakuja, na kwotabeki anajua kwamba wanajua. Tazama majaribio kama 20 ya aina hiyo, macho yako yakiwa kwenye miguu yake.