Laptopu ikivuma kwenye amplifaya, anza na chaja

Msimu wa harusi ukianza hapa Chake Chake, Pemba, nami naanza kuletewa amplifaya zisizo na ubovu. Mtu anaishusha kwenye bodaboda, anaiweka mezani, anasema: "Fundi, nikitia maiki iko safi, nikitia laptopu inavuma tu." Keshajijibu mwenyewe. Kama maiki inapita safi, amplifaya na spika ni nzima, na tatizo liko baina yake na kompyuta.

Kabla hujatafuta bisibisi, chomoa chaja ya laptopu. Iache itumie betri na muziki uendelee. Mvumo ukikatika pale pale, sababu umeshaipata. Laptopu yenye chaja ya pini tatu imefungwa kwenye ethi ya nyumba, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, na amplifaya nayo ina ethi yake. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, ule wavu wa nje wa waya unakuwa njia ya pili baina ya ethi mbili, na umeme mdogo unazunguka humo. Ni mdogo mno, lakini amplifaya kazi yake ni kukuza, basi inaukuza pamoja na qasida. Hali huwa mbaya zaidi laptopu ikichomekwa ukumbini na amplifaya ikachomekwa nyumba ya jirani.

Wako wanaoulaumu umeme wenyewe, ati umechafuka tangu uanze kuja kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Mvumo huu ulikuwapo hata tulipotegemea majenereta ya hapa hapa Pemba, kule Wesha. Umeme wetu unakwenda mara 50 kwa sekunde, na sauti hiyo nzito ndiyo unayoisikia. Ukisikia mlio mwembamba unaobadilika kila ukisogeza mausi, huo unatoka ndani ya kompyuta, ila mara nyingi unapita njia ile ile ya ethi.

Chaja za pini mbili hazina ethi, lakini nazo huvujisha umeme kidogo. Ndiyo ile hali ya kuhisi vidole vinawashwa ukipitisha mkono juu ya laptopu ya bati.

Sasa dawa, na nianze na ile isiyofaa: kukata pini ya ethi ya amplifaya, au kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu. Mvumo unaondoka kweli, na ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini kasha la amplifaya ni chuma, na ethi ndiyo inayomlinda aliyeshika maiki siku waya wa ndani utakapogusa chuma hicho. Mara ngapi tumeona turubai limefungwa uwanjani, mvua imenyesha, na msomaji wa qasida amesimama peku juu ya mchanga uliorowa? Kifaa kilichokatwa ethi sikirudishi kwa mwenyewe mpaka nimeifunga upya, hata akinuna.

Dawa ya bure ni kuchomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, ili ethi ziwe pamoja. Hapo penye shughuli ndogo unaweza kumaliza kazi. Kama haitoshi, tumia betri kwa muda wa shughuli. Dawa ya kudumu ni kisanduku cha transfoma za sauti, moja kwa kila upande, kinachokaa katikati ya waya. Sauti inavuka kwa sumaku bila vyombo viwili kugusana. Kadi ya sauti ya USB watu huinunua kwa matumaini makubwa, lakini haikati mzunguko wa ethi, kwa sababu waya wa USB nao una njia ya ethi. Inafaa pale tundu la laptopu lenyewe limechakaa.

Ukipima, usiache waya unaning'inia huku umechomekwa kwenye amplifaya. Utaokota mvumo hewani na kukudanganya. Chomoa upande wa amplifaya.

Tatizo la pili ndilo linalowachanganya hata mafundi. Muziki unasikika, mwangwi unasikika, msomaji mwenyewe hayupo. Watu hubadilisha faili, wanadhani limeharibika. Angalia jeki. Laptopu inatoa stirio: ncha inabeba kushoto, pete inabeba kulia. Ukiichomeka kwa jeki ya stirio kwenye tundu la mikisa (kile kifaa cha kuchanganya sauti) lililotengenezwa kwa waya wa maiki wa njia mbili, mikisa haijumlishi pande hizo, inaondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Sauti ya msomaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, basi inajifuta yenyewe, na kinachobaki ni kile kilichotofautiana. Tumia waya wa Y, pini ndogo ya stirio upande mmoja na jeki mbili za mono upande wa pili, kila moja na chaneli yake. Dalili hii hii hutokea jeki isipozama mpaka mwisho kwenye laptopu, hasa mwenyewe akiwa na kava gumu linalozuia.

Sauti ikikwaruza badala ya kuvuma, tazama umechomeka wapi. Maiki hutoa milivolti chache tu, na tundu la hedifoni la laptopu linaweza kufika volti moja. Ukiitia kwenye tundu la maiki, hatua ya kwanza ya amplifaya inazidiwa, na kupunguza kitasa cha sauti hakusaidii kitu. Tafuta palipoandikwa AUX au LINE. PHONO iache, ni ya santuri, na inaongeza besi kwa makusudi. Laptopu yenyewe iweke kama asilimia 80, kisha urekebishe kwenye amplifaya. Ukiiacha chini sana utalazimika kufungua kitasa chote, na mchakacho utapanda nao.

Isipotoka sauti kabisa, uliza kama kuna projekta. Waya wa HDMI ukichomekwa, Windows mara nyingi huhamishia sauti huko, na projekta nyingi za skuli zina spika ndogo isiyosikika ukumbini. Bonyeza alama ya spika, chagua hedifoni. Na uzime intaneti kabla ya bibi harusi kuingia: simu ya WhatsApp ikipigwa kwenye laptopu, Windows hushusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80 isipokuwa umeiambia isifanye hivyo.

Bluetooth inafaa kwa nyimbo za kusubiria wageni. Kwa video au kwa mtu anayeimba juu ya muziki, kuchelewa kwake kutakutia aibu.

Ukanda wetu huu wa chumvi nao una lake. Tundu za waya zinaota kutu ya kijani, sauti inakuja upande mmoja, ukitikisa inarudi. Zima kila kitu, safisha kwa dawa ya kusafishia viungio, kausha, kisha chomeka na kuchomoa mara kadhaa.

Kama umechomoa waya zote, vitasa vyote viko sifuri, na bado spika inavuma, hapo ndipo ilete. Mara nyingi ni kapasita kubwa za pawa, zile zinazohifadhi umeme ndani, zimechoka. Usizifungue nyumbani, hubaki na chaji hata plagi ikiwa imetoka ukutani.