Mtoto akipata W-2 bado ni wako

Jamani, mimi ninayewaandalia kodi hapa Marekani, kila ikifika Februari swali ni lile lile, tena siku hizi haliji hata na salamu: "Binti kaanza kazi, nasikia siwezi kumweka tena kwenye kodi zangu kama tegemezi." Umesikia kwa nani? W-2 ni karatasi tu ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa, haimwondoi mtoto kwako. Na swali la pili: "Mshahara wa kijana nauandika mstari gani kwenye fomu yangu ya kodi, 1040?" Huuandiki popote. Mshahara wa mtoto ni wa mtoto, unaingia kwenye ritani yake mwenyewe hata kama ana miaka 15 na ugali unampikia wewe.

Uvumi huu najua unakotoka. Kikomo cha mapato kipo kweli, kwa mwaka 2025 ni dola 5,200, ila hicho ni cha ndugu wengine unaowalisha, mfano mama mzazi au mdogo wako wa miaka 30 anayelala sebuleni. Mtoto wako aliye chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama anasoma fultaimu, hana kikomo hicho. Aingize hata 20,000 kwenye weahausi, sawa tu, mradi ameishi kwako zaidi ya nusu mwaka (kulala bweni la chuo kunahesabiwa yuko kwako) na hajajilisha mwenyewe zaidi ya nusu ya matunzo yake.

Hapo kwenye nusu ndipo watu wananitoa jasho, maana wote wanaangalia alichopata badala ya alichotumia. Hela iliyolala benki haijamlisha mtu. Tuseme kijana ana miaka 20, yuko chuo, mwaka mzima kapata 14,000. Katumia 6,000 kwa simu, nguo na misosi ya nje, 8,000 kaweka. Wewe umempa chumba, tuseme cha 600 kwa mwezi, hiyo ni 7,200, na chakula cha nyumbani 3,600. Jumla ya matunzo yake ni 16,800, yeye kachangia 6,000, haifiki nusu, ni wako. Sasa kijana huyo huyo mwezi wa kumi na mbili akichukua zile 8,000 akanunua gari kwa jina lake, gari linaingia kwenye matunzo, jumla inapanda mpaka 24,800 na yeye kachangia 14,000. Kwisha habari, si wako tena mwaka huo. Angesubiri Januari, kwa mwaka ule angebaki wako. Mimi sikutunga sheria. Skolashipu ya mwanafunzi wa fultaimu usiihesabu kabisa kwenye hesabu hii.

Na niseme ukweli, hiyo 600 ya chumba ni makadirio. Sheria inataka bei ambayo mpangaji wa kawaida angelipa, kwa hiyo naangalia matangazo ya vyumba mtaani kwenu nachagua namba ninayoweza kuitetea, na mwenzangu wa ofisi ya pili angechagua nyingine. Chakula nagawa kwa vichwa vya nyumbani, ingawa sote tunajua kijana wa miaka 17 anakula cha watu watatu.

Je, yeye mwenyewe afaili? Kwa mwaka 2025, kama ana mshahara tu na hajavuka 15,750, halazimiki. Lakini angalia boksi namba 2 ya W-2, kama wamekata kodi ya mapato hapo afaili arudishiwe, ana miaka mitatu kabla hela haijapotea. Za boksi 4 na 6 zisahau, hizo ni Social Security na Medicare (michango ya pensheni na bima ya afya ya uzeeni), hazirudi. Jimbo lina sheria zake. Riba na gawio vikivuka 1,350 afaili hata kama hana kazi, vikivuka 2,700 kinachozidi kinaanza kukatwa kwa kiwango chako wewe mzazi, fomu 8615, hiyo niletee tu.

Kazi za keshi ndizo zenye ukungu. Binti anasuka rasta wikendi, faida ikifika 400 anafaili na kulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 hata kama kodi ya mapato ni sifuri. Ila akisuka mabinamu zake, shangazi akamwachia ishirini mezani, hiyo ni biashara au zawadi? Nauliza kama ana bei, kama ana wateja wa nje, kama anajitangaza Instagram. Kuna majibu yanayoniacha katikati, sitawadanganya.

Kinachoumiza hasa ni kijana kufaili mwenyewe kwenye simu saa sita usiku bila kutiki kale kaboksi kanakosema kuna mtu anaweza kumdai kama tegemezi. Hakaulizi kama umeshamdai, kanaulizia kama *unaweza*. Asipotiki, ritani yako ya mtandaoni inagonga mwamba, na hapo unapigania nafuu ya kodi ya mpaka 2,200 kama ana chini ya miaka 17, 500 kama amezidi, au nafuu ya chuo inayofika mpaka 2,500. Kuanzia msimu wa 2025 unaweza kuipitisha yako mtandaoni ukiwa na IP PIN yako (namba ya siri kutoka IRS, mamlaka ya kodi), lakini ya kijana lazima irekebishwe kwa fomu ya marekebisho, 1040-X, na hiyo husubiriwa miezi. Kwa hiyo W-2 yake ije pamoja na zako, na simu mnyang'anye mpaka tumalize.