Oili haivuji pale inapodondokea

Katika vijiwe vya bodaboda vya Ngamiani, jijini Tanga, pikipiki kuukuu inayoacha doa la oili chini hupewa hukumu moja: sili, yaani mpira wa kuzuia oili isitoke, imekufa, kanunue nyingine. Hukumu hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba oili huvuja pale inapodondokea. Ukweli ni kwamba, chombo kikiwa mwendoni, upepo huisukuma oili nyuma na uzito wake huiteremsha, hata uvujaji wa gasketi (kizibio cha kwenye maungio) ya kifuniko cha vavu ukaonekana kama ni wa boliti ya kumwagia oili. Injini ikishapoa, ioshwe kwa mafuta ya taa na sabuni, ikaushwe, kisha maungio yapakwe poda ya mtoto. Baada ya mwendo mfupi, tuseme hadi Raskazone na kurudi, sehemu iliyolowa iliyo juu na mbele kuliko nyingine ndiyo ya kushukiwa.

Wengine huamini kwamba kuzidisha oili hufidia inayopotea. Katika injini za muundo wa Honda CG125, ulioigwa na pikipiki nyingi za Kichina tunazoendesha, kijiti cha kupimia kiko kulia, ilhali stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto. Anayepima hivyo huona oili imepungua hata kama imetimia, naye huongeza. Ikizidi huchapwa na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, hadi ikatoa povu, shinikizo likapanda, oili ikatafuta pa kutokea. Pikipiki isimamishwe wima, na kijiti kichovywe tu bila kukazwa.

Shinikizo hilohilo hupanda pia pale mpira wa kupumulia wa injini, unaotoa hewa ya ndani, unapoziba, na hapo sili mpya huifuata ya zamani. Nakiri nilibadilisha sili ya sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) mara mbili kabla ya kuukagua mpira huo. Pikipiki ilikuwa imelala kibarazani msimu mzima wa masika, na nyigu alikuwa ameuziba mdomo wa mpira huo kwa udongo mgumu kama kigae. Mpira ukiwa wazi na oili bado inasukumwa nje, huku ekzosi ikitoa moshi wa bluu, huenda ringi za pistoni zimekwisha.

Kuhusu silikoni, kumiminwa kwa wingi si kuziba vizuri: inayoingia ndani hukatika vipande, ikaziba chujio la pampu ya oili, na injini ikakaukiwa. Kukaza boliti kwa nguvu zote nako huvua nyuzi za alumini, na oili nzito haitengenezi gasketi iliyopasuka.

Tena si kila doa ni uvujaji. Cheni iliyopakwa kupita kiasi hurusha mafuta kwenye kifuniko cha sproketi. Yapanguse kwa karatasi nyeupe: ya cheni hunata na kubeba mchanga, ya injini huenea laini.