Je, wajua kwa nini serikali inalipa watu wathibitishe kihesabu kwamba akili mnemba ni salama?

Jumamosi jioni, kijiwe cha kahawa Magomeni. Mzee aliyefungwa bao anadai kete zimepungua, na kelele zimepanda hadi muuza kahawa kasimama na birika lake. Mwenye bao hana presha. "Ni 64," anasema, hata kabla hajahesabu.

Kajuaje? Hakuutazama mchezo, alikuwa anasoma magazeti. Ila anajua kila hatua ya bao ni ileile: unachota kete kwenye shimo, unazigawa kwenye mashimo mengine. Ukila za mwenzako, unazisambaza upande wako. Ukinamua, unatoa ya akiba unaiingiza ubaoni. Hakuna hatua inayozaa kete wala inayoimeza. Kwa hiyo wacheze mpaka alfajiri, wacheze hovyo, wacheze michezo ambayo binadamu hajawahi kuicheza: za ubaoni ukijumlisha na za akiba, zitabaki 64.

Huo ndio uthibitisho wa kihesabu, na ni kitu tofauti kabisa na kujaribu. Anayejaribu angetazama michezo elfu moja, akaona kete ni 64 kila mara, akasema "nadhani iko sawa." Mchezo wa elfu moja na moja ungebaki kuwa bahati nasibu.

Tofauti hiyo imewahi kugharimu pesa nyingi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika angani kabla sekunde 40 hazijaisha. Kipande cha programu yake kilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako kilifanya kazi bila tatizo. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi. Namba moja ikakua hadi ikakosa kuenea kwenye nafasi iliyotengewa, kompyuta ikachanganyikiwa. Programu ilikuwa imeshajaribiwa, tena kwa safari za kweli.

Sasa njoo kwenye akili mnemba. Programu ya kawaida ina kanuni zilizoandikwa na mtu, unaweza kuzisoma moja moja kama mwenye bao anavyozijua hatua za bao. Akili mnemba ya kisasa haikuandikiwa kanuni. Imelishwa maandishi na picha kwa wingi, ikajirekebisha yenyewe mpaka ikawa rundo la namba, mabilioni. Ukizifungua uzisome huoni sentensi inayosema "usimpe mtu sumu." Kwa hiyo kampuni nyingi hujaribu: wanaichokoza kwa maswali ya hila, wakiona kosa wanalirekebisha, wanaendelea. Ni kutazama michezo elfu moja.

Uingereza imeamua kulipia njia nyingine. Ina wakala wa utafiti uitwao ARIA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2022 na kuanza kazi Januari 2023, ukapangiwa pauni milioni 800 kwa ajili ya tafiti ambazo wengine wanaziona za kubahatisha mno. Mmoja wa miradi yake, Safeguarded AI, ulitengewa pauni milioni 59. Muasisi wake ni David Dalrymple, na mwaka 2024 akajiunga Yoshua Bengio wa Kanada, mmoja wa watu watatu waliopata tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya 2018 kwa kazi iliyoizaa akili mnemba hii hii. Kwangu hilo lina uzito: fundi aliyejenga nyumba ndiye anayerudi kukagua nguzo.

Wazo lao ni la ujanja. Hawajaribu kuyasoma yale mabilioni ya namba. Wanaiambia akili mnemba: ukitaka, tuseme, kusawazisha umeme kwenye gridi ya taifa, leta mpango wako pamoja na uthibitisho kwamba hautavuka mipaka tuliyoiandika. Uthibitisho huo unakaguliwa na programu nyingine ndogo, rahisi, inayoaminika. Kuupata uthibitisho ni kazi ngumu. Kuukagua ni rahisi. Pale Magomeni kuna watazamaji ambao hawawezi kumfunga yeyote bao, lakini ukichomoa kete moja watakukamata.

Kwa nini ilipe serikali? Kwa sababu kazi hii ni ya polepole na haiuziki haraka. Mwaka 2009 watafiti wa NICTA, taasisi ya Australia iliyokuwa ikifadhiliwa na serikali, walithibitisha kihesabu kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani programu ya ndani kabisa inayozisimamia nyingine zote, kiitwacho seL4. Programu yenyewe ilikuwa na mistari kama 8,700. Uthibitisho wake ulikula mistari kama 200,000. Kampuni gani yenye wateja mlangoni ingesubiri? Lakini baadaye wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, aliiweka seL4 kwenye helikopta isiyo na rubani, akaita wadukuzi, akawafungulia kabisa sehemu moja ya kompyuta. Walishindwa kuvuka kutoka hapo kwenda kwenye usukani.

Ugumu ninaouona mimi uko kwingine, kwenye hiyo "mipaka tuliyoiandika." Umeme una vipimo: volti, mzigo, joto la nyaya. Ila "madhara kwa mtu" utayaandika kwa hesabu gani? Na ulimwengu ulioandikwa kwenye kompyuta ukitofautiana na huu wetu wenye mvua za masika na transfoma zilizochoka, uthibitisho utabaki sahihi kwa ulimwengu ule mwingine. Mafundi wenyewe wanalikiri hilo, na sehemu kubwa ya utafiti inahusu namna ya kuuelezea ulimwengu vizuri zaidi.

Kete zilihesabiwa kwa sauti, mbele ya wote. Zilikuwa 64. Mzee akanywa kahawa yake, akafikiri kidogo, akasema basi mwenzake alicheza zamu mbili mfululizo.