Semina Yako ya Kwanza: Jedwali Libaki Kwenye Ripoti

Msimu wa semina ukikaribia, wanafunzi wetu huja na suali moja: "Mwalimu, slaidi ziwe ngapi?" Suali si baya, ila limekuja mapema. Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye karatasi sentensi moja: watu watoke ukumbini wakijua nini? Ikikushinda, hata slaidi arubaini hazitakuokoa.

Tuchukue mwani, maana hapa Unguja na Pemba nani hana shangazi au jirani anayeulima? Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya mwani iitwayo kotonii ina bei nzuri kuliko ile ya spinosamu, lakini haistahamili maji yakipata moto. Tuseme umefuatilia aina zote mbili katika vijiji vinne kwa miezi kumi na miwili. Una namba 96 za ukuaji, na sentensi yako ni hii: maji yakizidi joto, kotonii hudumaa kabla ya spinosamu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jedwali lote hunakiliwa kutoka kwenye ripoti, likabandikwa kwenye slaidi lilivyo, pamoja na namba mbili baada ya nukta. Aliyekaa nyuma anaona sisimizi. Jedwali ni la msomaji mwenye ripoti mkononi, anayeweza kurudi nyuma akalinganisha. Msikilizaji hana nafasi hiyo.

Chora grafu ya mistari miwili. Joto liwe kwenye mhimili wa chini, ukuaji kwenye mhimili wa kusimama. Andika "kotonii" pembeni ya mstari wenyewe, usimlazimishe mtu kutafuta kisanduku cha maelezo kule kwenye kona. Usitumie nyekundu na kijani pamoja, kwani wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kuzitofautisha. Bluu na rangi ya chungwa zinafaa. Herufi zisipungue pointi 24. Na kichwa cha slaidi kisiwe "Matokeo", neno ambalo halimwambii mtu kitu. Weka pale ile sentensi yako.

Siku yenyewe, grafu ikitokea, usikimbilie hitimisho. Eleza kwanza: "Huku chini ni joto la maji kwa nyuzi za Selsiasi, huku pembeni ni ukuaji kwa siku." Nyamaza kidogo waangalie, kisha fuata mstari wa kotonii kwa kidole mpaka pale unapoanguka. Mtu hawezi kusoma sentensi moja huku anasikiliza nyengine, kwa hivyo slaidi iliyojaa aya inashindana na wewe, na mara nyingi inakushinda. Mtoa mada anayewapa watu mgongo akaisomea skrini, kwa maoni yangu, angegawa karatasi tu tukarudi nyumbani.

Ukipewa dakika 15, slaidi kumi zinatosha. Salamu na shukrani zisile dakika nne. "Itifaki imezingatiwa" inamaliza kazi. Semina ya Ijumaa asubuhi haina dakika za nyongeza, watu wanawahi msikitini. Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti, saa ikiwa mbele yako.

Vifaa havina mengi. Projekta za zamani hutumia waya wa VGA na kompyuta nyingi mpya hazina tundu lake, basi tafuta kiunganishi mapema. Hifadhi nakala ya PDF pia, kwa sababu fonti huhama ukitumia mashine ya mtu. Kuhusu umeme, waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu gizani, hawahitaji kuhubiriwa. Mistari miwili unaichora ubaoni kwa chaki na mada inaendelea. Namba 96 utaziandika mpaka lini?

Slaidi ya mwisho yenye maua na "Ahsanteni" iondoe. Iache grafu ionekane wakati wa masuali, maana watu wataulizia hiyo hiyo. Sikiliza suali mpaka mwisho, lirudie kwa ufupi ili wa nyuma wasikie, ndipo ujibu. Ukiulizwa juu ya chumvi ya maji nawe hukuipima, sema, "Hilo sikulipima," usibuni. Na kama amealikwa mama mkulima, akakuuliza bei wakati wewe umepima joto, usimpuuze. Mjibu unachokijua, kisha nawe umuulize kotonii yake huanza kuwa nyeupe na kukatika mwezi gani, maana kila bamvu, siku za maji kujaa na kupwa sana, yeye yumo ndani ya maji hayo. Jibu lake liandike hapo hapo, na tarehe.